Mchana umeingiaje kwenye wizi wa usiku?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 33, naishi Mwanza, nimeolewa na nina watoto wawili. Najiandaa na mtihani wa GMAT ili niombe nafasi ya kusoma MBA. Nimeshalipia, na zimebaki wiki tano. Hesabu hazinisumbui. Kinachoninyima usingizi ni aina moja ya maswali katika sehemu ya lugha: yale ya tafakuri tunduizi, ambayo sisi watahiniwa tunayaita CR, hasa yanapotaja dhana ya watafiti halafu yakauliza ni chaguo lipi, likiwa kweli, linaimarisha dhana hiyo.

Nimeweka rekodi. Tangu Julai nimefanya maswali 48 ya kuimarisha dhana, nimepata 27 na kukosa 21. Ya kudhoofisha hoja niliyafanya Juni nikiwa likizo, mchana, nikapata 22 kati ya 30. Ufahamu naufanya Jumamosi asubuhi watoto wakiwa madrasa, nimepata 41 kati ya 52. Haya ya kuimarisha nayafanya usiku, saa nne hadi saa sita, nyumba ikishatulia.

Karibu kila mara nabaki na machaguo mawili, kisha naangukia lisilo. Chukua hili la wiki iliyopita. Manispaa moja ilifunga taa za sola katika mitaa 12. Mwaka uliofuata, wizi wa usiku katika mitaa hiyo ulipungua kwa robo. Watafiti wanadhani mwanga wa taa ndio uliowafukuza wezi. Lipi linaimarisha dhana yao?

A. Wakazi wengi wa mitaa hiyo wanasema wanajisikia salama zaidi usiku kuliko zamani.
B. Wizi wa mchana katika mitaa hiyohiyo haukupungua mwaka huo.
C. Taa za sola zina gharama ndogo ya uendeshaji kuliko taa za zamani.
D. Mwaka huohuo polisi walianzisha doria ya usiku katika mitaa hiyo.
E. Kabla ya taa kufungwa, wizi mwingi wa mji huo ulikuwa unatokea usiku.

B niliitupa palepale, maana inazungumzia mchana na hoja nzima ni ya usiku. Nikachagua A. Jibu ni B. Mchana umeingiaje kwenye wizi wa usiku? Maelezo ya jibu nimeyasoma mara tatu, sijaona kitu.

Mwalimu wa kikundi chetu anasema niachane na CR, nibahatishe, nguvu zote nizipeleke kwenye sehemu nyingine ya mtihani, ya uchambuzi wa data. Rafiki yangu anasema tatizo ni Kiingereza, nihamie GRE, mtihani mwingine ambao vyuo vya biashara huupokea. Mume wangu ananiunga mkono, ila ada niliyolipa imetoka kwenye akiba ya kiwanja, na nikifikiria kumwambia kwamba nasogeza tarehe, au kwamba huenda nikarudia, nguvu zinaniisha. Niahirishe? Nihame? Au nikubali tu kwamba kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya?

Naambatisha orodha ya maswali yote 21 niliyokosa pamoja na nilichochagua.

Mhasibu, Mwanza

*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja: kwa nini unakosa maswali haya, na ufanye nini na tarehe yako. La pili haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya la kwanza. Kwa hiyo niruhusu nianze na wezi.

Katika kila swali la namna hii kuna tukio na kuna maelezo ya tukio. Tukio halina ubishi, swali lenyewe limekupa: wizi wa usiku umepungua kwa robo. Maelezo ni yale yanayokuja baada ya "kwa sababu": kwa sababu ya mwanga. Dhana ni hiyo "kwa sababu" peke yake. Unachotafuta ni kitu kitakachofanya "kwa sababu" hiyo iaminike zaidi kuliko ilivyokuwa kabla hujakisoma. Hakihitaji kuithibitisha. Kuisogeza mbele hata hatua moja kunatosha, mradi machaguo mengine manne hayaisogezi.

Sasa jiulize, kama si mwanga, ni nini kingine kingeweza kupunguza wizi? Labda genge la wezi lilikamatwa. Labda vijana walipata kazi. Labda watu walijenga kuta na kuweka mageti. Tazama sababu hizo zote zinafanana wapi: zinafanya kazi saa 24. Genge likikamatwa, mchana nao unatulia. Ukuta hauondoki jua likichomoza. Kwa hiyo kama mojawapo ya hizo ndiyo ingekuwa sababu, wizi wa mchana nao ungeshuka. B inasema haukushuka. Kilichowapunguza wezi kilifanya kazi gizani tu, na taa hufanya kazi gizani tu. Mchana ulipoingia, uliingia kama shahidi.

B haijafunga kila mlango. Doria ya usiku nayo hufanya kazi usiku tu, na B haiigusi. Ndiyo maana D ipo: inamleta mpinzani huyohuyo, hivyo inaidhoofisha dhana.

A ndiyo iliyokupata, nayo tuikague kwa makini. Wakazi wanajisikia salama. Je, wangejisikia hivyo hata kama wizi ungekuwa umepunguzwa na polisi? Bila shaka. Na kama genge lingekuwa limekamatwa? Vilevile. A inakaa vizuri na kila maelezo, kwa hiyo haiyasaidii ya mwanga kuliko mengine. Hiki ndicho kipimo ningependa ukiweke mkononi: chaguo hili lingekuwa kweli kwa urahisi uleule hata kama sababu ingekuwa nyingine? Kama ndiyo, thamani yake ni sifuri, hata likiwa tamu namna gani. E inaanguka kwa kipimo hichohicho, inaeleza tu hali ya zamani. C haina habari na wezi.

Nimepitia orodha yako ya maswali 21. Katika 13 ulichagua kitu cha aina ya A: taarifa inayokubaliana na tukio, au inayolirudia kwa maneno mengine, lakini haigusi "kwa sababu". Katika 5 ulichagua kinachodhoofisha, na yote matano yana neno la kukanusha katikati ya sentensi ndefu. Matatu yamebaki bila mpangilio ninaouona. Kichwa kisichoumbwa kwa mambo haya, binti yangu, hakikosei mara 13 kati ya 21 kwa njia ileile.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha mashahidi wa namna ya B wakiwa kazini, na ningependa ukifanyie zoezi kwa kalamu. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, London. Ndani ya siku kama 10 watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo dogo kuzunguka Broad Street. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Daktari John Snow alikuwa na dhana nyingine: maji ya pampu ya Broad Street. Tukio ni moja, maelezo ni mawili.

Sema nikupe taarifa kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakiishi karibu na pampu. Inaonekana nzito. Ipime: aliye karibu na pampu yuko karibu pia na hewa ya mtaa ule, kwa hiyo taarifa hii peke yake haiwatenganishi vizuri wapinzani wawili. Hiyo ndiyo A yako imevaa koti.

Sasa sikiliza hizi. Katika mtaa uleule kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hawakuwa wakinywa maji ya pampu ile, na hakufa hata mmoja. Hewa ileile, maji tofauti, hakuna kifo. Mtu anaweza kusema wale walikuwa wanaume wenye afya. Haya, karibu na hapo palikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, wengi wao si watu wa afya, nayo ilikuwa na kisima chake. Walikufa 5 tu. Na mwisho yupo mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na Soho, ambako hapakuwa na kipindupindu wakati huo. Aliyapenda maji ya Broad Street kwa ladha yake, akawa analetewa chupa. Aliyanywa, akaugua, akafa tarehe 2 Septemba. Mpwa wake aliyekuwa Islington alikunywa maji hayohayo, naye akafa. Safari hii maji ni yaleyale, hewa ni nyingine, kifo kipo. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, watu wasiweze tena kuteka maji yake.

Kiwanda na nyumba ya maskini ni ushahidi wa "sababu haipo, na tokeo halipo". Mjane ni ushahidi wa "sababu ipo mahali pengine, na tokeo lipo". Wizi wako wa mchana ni ndugu wa kiwanda cha bia. Na angalia jambo ambalo ningelipigia mstari: Hampstead haiko Soho, kama mchana usivyo usiku. Mtahiniwa mwenye haraka angemtupa mjane huyo kwa kusema hahusiki. Katika maswali ya kuimarisha dhana, jibu mara nyingi huleta kitu kipya kutoka nje ya aya. Usilitupe kwa ugeni wake. Litupe ukishaona kwamba halimgusi mpinzani yeyote.

Zipo njia nyingine ambazo jibu huja nazo. Moja ni kuzuia sababu isigeuzwe kichwa chini. Aya ikisema wafanyakazi wanaolala saa chache wana msongo zaidi, na dhana ikiwa kwamba kukosa usingizi ndiko kunaleta msongo, jibu linaweza kuwa kwamba upungufu wa usingizi ulianza miezi kadhaa kabla ya msongo. Nyingine ni kuonyesha njia ambayo sababu hupitia hadi kwenye tokeo. Nyingine ni kuondoa shaka juu ya takwimu zenyewe, kwamba kundi la watu waliopimwa halikuchaguliwa kwa upendeleo au kwamba namna ya kuhesabu haikubadilika katikati.

Kuhusu muda: sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, chini kidogo ya dakika mbili kwa swali. Gawa hivi. Sekunde 5 za kusoma swali lenyewe kabla ya aya, ili ujue unaimarisha na si unadhoofisha. Sekunde 35 za aya, ukimaliza uwe na tukio kwa maneno matano au sita na dhana kwa maneno yasiyozidi hayo. Sekunde 15 za kutaja wapinzani wawili, yaani sababu nyingine mbili zinazoweza kuleta tukio lilelile, kabla hujatazama machaguo. Sekunde 50 za machaguo matano, kila moja unaliwekea alama ya kujumlisha, kutoa au sifuri. Sekunde 10 za mwisho ni za kupambanisha mawili yaliyobaki, kwa kile kipimo cha "hata kama sababu ingekuwa nyingine". Zile sekunde 15 ndizo watu wengi huziruka kwa kuona zinapoteza muda. Matokeo yake huingia kwenye machaguo bila kujua wanamtafuta nani, kila chaguo likaonekana lina ukweli ndani yake. Wiki utakayoanza kutumia njia hii, usitumie saa kabisa. Andika wapinzani kwa Kiswahili, kwenye daftari, hata kama swali liko kwa Kiingereza.

Mitego mitatu ninaiona kwenye orodha yako. Umekataa machaguo mawili kwa kuandika pembeni "si kweli, haiwezekani". Swali limesema "likiwa kweli", kwa hiyo lipokee kama kweli na upime uzito wake tu. Umekataa mengine kwa sababu yana maneno makali kama "yote" au "hakuna hata mmoja". Tahadhari hiyo ni ya maswali yanayouliza kinachofuata kutokana na aya. Hapa neno kali likielekea upande wako ni nguvu. Tena mara kadhaa umejaribu kulikanusha chaguo uone kama hoja inaanguka. Hicho ni kipimo cha maswali ya kutafuta dhanio lililofichika, yaani jambo ambalo hoja inalitegemea bila kulitaja. Kitu kinaweza kuimarisha dhana vizuri kabisa bila dhana kukitegemea ili isimame.

Sasa turudi kwako. Rafiki yako ana dhana: unakosa kwa sababu ya Kiingereza. Tuifanyie yale tuliyoifanyia dhana ya taa. Kama Kiingereza ndicho sababu, ufahamu, wenye aya ndefu kuliko CR, ungeshuka pia. Umepata 41 kati ya 52. Haujashuka. Dhana ya Kiingereza imedhoofika, ingawa haijafa: yale maswali 5 yenye kukanusha ndani ya sentensi ndefu yanaweza kuwa ni lugha kweli.

Lakini rekodi zako zina mpinzani mwingine ambaye hukumtaja. Ufahamu, Jumamosi asubuhi. Kudhoofisha, mchana wa likizo. Kuimarisha dhana, baada ya saa nne usiku, umeshafanya kazi ya siku nzima, umepika na kulaza watoto. Uchovu haujaondolewa. Kwa upande mwingine, kama ungekuwa uchovu peke yake ningetarajia makosa yatawanyike huku na kule, na yako 13 yamerundikana mahali pamoja. Huenda ni vyote viwili, namna ya kusoma na saa ya kusoma. Mimi kwa kutazama karatasi siwezi kuvitenganisha. Wewe unaweza, kwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza, badilisha zamu: ufahamu usiku, kuimarisha dhana Jumamosi asubuhi, maswali 12 mapya ya kila aina, kwa njia yako ya zamani. Wiki ya pili, rudisha zamu kama zilivyokuwa, lakini maswali 12 ya kuimarisha uyafanye kwa njia ya wapinzani wawili. Pembeni, chukua yale 5 yenye kukanusha, yatafsiri kwa Kiswahili kwa maandishi, uyajibu tena bila saa. Maswali 12 ni machache, tofauti ya moja au mawili usiipe maana. Yakitoka 7 upande mmoja na 11 upande mwingine, hapo una kitu cha kufikiria.

Ushauri wa mwalimu wako una mantiki ndani yake. Sehemu tatu za mtihani zina uzito sawa kwenye alama ya jumla, na uchambuzi wa data, maswali 20 kwa dakika 45, huwafaa wahasibu. Hatari yake ni kwamba kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tano, na mtihani huu hupanga ugumu wa swali linalofuata kwa kutazama majibu yako, hivyo kuachia aina nzima ya maswali kunaweza kukushusha zaidi ya idadi yake. Tena uchambuzi wa data wenyewe unadai kujua taarifa ipi inatosha na ipi haisaidii. Misuli ni ileile. Labda katikati pana njia: swali linalokupita dakika mbili na nusu, weka jibu, liwekee alama, endelea. Mwisho wa sehemu, muda ukibaki, unaruhusiwa kubadilisha hadi majibu matatu. Usiache maswali ya mwisho bila jibu, hayo yanaadhibiwa.

GRE ni mtihani mzuri na vyuo vingi vya biashara vinaupokea. Lugha yake ni maswali 27 kwa dakika 41, lakini sehemu kubwa ni kujaza nafasi kwa msamiati mgumu, na hoja za kuimarisha na kudhoofisha zimo pia ndani ya ufahamu. Kama tatizo ni Kiingereza, sijui kama ungekuwa umelikimbia au umelifuata. Kama ni namna ya kupima ushahidi, utakutana nalo hukohuko. Kwa mtu mwenye wiki tano, kuhama pia ni kuanza upya kujifunza sura ya mtihani.

Kusogeza tarehe kunakupa pumzi, lakini ada ya kusogeza hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo uamuzi huo ni nafuu leo kuliko baada ya wiki tatu. Kubaki na tarehe kuna hatari ya kutoka na alama usiyoitaka, ila hatari hiyo ina mipaka: alama unaiona kwanza ndipo unaamua kuituma, na chuo huona zile ulizotuma tu. Unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara 5 ndani ya miezi 12, kila mara kwa ada kamili. Hapo ndipo kiwanja kinapoingia, na hapo siwezi kusema kwa niaba yenu wawili.

Ninachokiona kwenye barua ni kwamba umeshaamua mumeo atasikitika, na hujamuuliza. Hiyo nayo ni dhana, na mwenye ushahidi yuko chumba cha pili. Pengine ni rahisi kumwendea ukiwa na kitu cha kushika kuliko ukiwa na hofu peke yake: karatasi moja, upande mmoja alama za wiki hizi mbili, upande mwingine ada ya kusogeza kwa tarehe ya leo na ada ya kurudia. Muwekee pale mezani watoto wakishalala. Usiku huo usifanye maswali.